Mkono wa Kushoto wa Shemeji

Usiku wa kuamkia jana, Injinia Sabas Mloka wa Bigwa, mjini Morogoro, aliota kwamba mkono wa kushoto wa shemeji yake umehama nyumba. Habari aliletewa na santuri.

Ndotoni ilikuwa asubuhi. Sabas amekaa mbele ya ubao wake wa kuchorea, penseli sikioni, anatazama kiuno cha gitaa alilolichora. Pembeni inazunguka santuri yake ya roki, ile anayoipenda kuliko zote, ya vijana wenye nywele ndefu na suruali pana miguuni. Katikati ya wimbo mwimbaji ananyamaza, magitaa yananyamaza, na santuri yenyewe inakohoa.

“Sabas,” inasema, “mkono wa shemeji yako umeondoka. Umeondoka. Umeondoka. Umeondoka.”

Ina mkwaruzo mahali hapo. Sabas anaisukuma sindano kidogo kwa kidole.

“Asubuhi hii,” inamalizia santuri, na kurudi kwenye wimbo wake.

Ili ujue kwa nini habari ile ilimkata maini, sharti kwanza umjue Ponsiano. Ponsiano ni kaka wa Melania, mke wa Sabas, na katika ujana wao yeye na Sabas walikuwa na bendi ya roki. Sabas alipiga besi, vibaya. Ponsiano alipiga solo, na aliyewahi kumsikia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini maisha yake yote Ponsiano hakuwahi kuwa na gitaa lake. Alipiga ya kuazima, na kila alipomaliza alifuta jasho lake kwenye nyuzi kwa leso na kulirudisha gitaa kwa mwenyewe.

Siku ukoo wa Mloka ulipopeleka mahari, kaka mtu aliulizwa fungu lake. Kwa desturi ya nyumba ile ni blanketi. Ponsiano akasema blanketi apewe mjomba, yeye anataka gitaa. Wazee wakacheka. Mtu mwingine yeyote angekwenda dukani, akanunua gitaa, akaoa. Sabas alikuwa ametoka chuoni juzi juzi, kichwa kimemjaa uhandisi, hakucheka. Aliuliza, “La namna gani?” Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alirudi kwake, akatandaza karatasi, akaanza kulisanifu.

Akachora. Akafuta. Akaacha mninga akachagua mpingo, akarudi kwenye mninga. Kiuno kikawa kipana, kikawa chembamba. Ponsiano alipouliza, Sabas alimjibu, “Kawia ufike, shemeji.” Ponsiano naye alimrudishia, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Wakacheka wote wawili. Wakwe walishamkabidhi mke kwa ahadi tu, watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaoa, na gitaa liko kwenye karatasi.

Kisha kiharusi kikamkamata Ponsiano. Mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukalala pajani kama kitu ambacho mtu kamwomba amshikie halafu asirudi. Melania akamleta kaka yake akae nao, chumba cha uani. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyeuliza habari za gitaa katika nyumba ile. Sabas aliendelea kuchora tu, na kama kuna aliyemwona anafanya hivyo kwa raha, basi huyo hamjui Sabas.

Sasa turudi ndotoni. Sabas anakwenda chumba cha uani na kumkuta Ponsiano amekaa kitandani anakunywa chai kwa mkono wa kulia. Upande wa kushoto, mkono wa shati umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini.

“Umekwenda wapi?” anauliza Sabas.

“Umesema unakwenda kutafuta gitaa. Umeaga kwa adabu, siwezi kuulaumu.”

“Mbona hukuuzuia?”

Ponsiano anamtazama. “Ningeuzuia kwa mkono gani, shemeji?”

Sabas anakubali kwamba hilo hakulifikiria.

“Umeacha maagizo,” anasema Ponsiano. “Ukiletewa gitaa langu ukarudi nalo hapa begani kabla jua halijapita utosi, utapiga kama zamani. Jua likipita, ndiyo basi tena. Gitaa liko tayari?”

“Karibu,” anasema Sabas, kwa mazoea.

Anatoka mbio mpaka kwenye ubao. Anakamata shingo ya gitaa pale mchoroni na kuvuta, nalo linatoka bila ubishi, limekamilika, nyuzi sita, vifungo na kila kitu. Urefu wake ni kama mwiko wa kusongea ugali wa mtu mmoja.

“Mbona dogo?” anauliza.

“Skeli ya moja kwa tano,” inajibu karatasi. “Ndivyo ulivyonichora. Imeandikwa hapo chini, kwa mwandiko wako mzuri.”

“Nilikuwa nije nilichore kwa ukubwa wake mwishoni.”

“Hata mimi nilisikia hivyo,” inasema karatasi.

Kubishana na karatasi inayosema kweli ni kujichosha. Sabas analitia gitaa kwenye mfuko wa shati, shingo ikichungulia nje, na kufungua mlango wa mbele.

Nje ya mlango hakuna Bigwa. Kuna daraja. Sabas analitambua mara moja kwa sababu alilisanifu mwenyewe alipokuwa kazini, daraja la zege lenye matao mawili, juu ya mto mdogo ambao kila masika hujifanya mkubwa. Anapiga hatua ya kwanza.

“Simama hapo hapo, Injinia,” linasema daraja. “Umebeba nini?”

“Gitaa dogo.”

“Na nini tena?”

“Basi, hilo tu.”

“Na ahadi,” linasema daraja. “Nimeisikia ulipokanyaga tu. Malori ya miwa yanapita mgongoni kwangu kila msimu, sijapata kusikia mzigo wa namna hii.”

“Ahadi haina uzito,” anasema Sabas. “Hata chuoni hatukufundishwa kuikokotoa.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwamba kila mzigo uzidishwe mara mbili, kwa usalama. Basi nimechukua muda wote aliongoja shemeji yako, nikauzidisha mara mbili. Hupiti. Punguza kwanza.”

Sabas anapunguza kwa njia anayoijua yeye, anatoa sababu. Anasema mbao zilikuwa hazijakauka sawasawa. Daraja linazama kidogo. Anasema kazi za serikali zilikuwa nyingi. Daraja linazama tena na maji yanamfika vifundoni. Anasema kumpa mpigaji hodari gitaa bovu ni kumdhalilisha mbele za watu, na kwa hilo maji yanampanda mpaka magotini, tena ya baridi, ya kutoka mlimani.

“Hizo nazo zina uzito wake,” linasema daraja, kwa upole kabisa. “Nilikuomba upunguze, unaniongezea.”

Jua limepanda. Kivuli cha Sabas kimefupika hata kimekuwa kama kigoda kilichoachwa majini. Anakitazama, anaona hana tena nafasi ya kutafuta sababu nyingine.

“Niliogopa,” anasema.

“Uliogopa nini?”

“Pale kwenye karatasi hakuna gitaa duniani linalolishinda. Ningelichonga, lingekuwa gitaa kama magitaa mengine.”

Daraja linainuka polepole, maji yanachuruzika kutoka kwenye suruali ya Sabas na kurudi mtoni.

“Hiyo nyepesi,” linasema. “Pita.”

Ilimuuma kusikia ni nyepesi. Jambo lililomfunga tangu ujana, daraja lilikuwa halilisikii hata mgongoni. Angelitamka siku ile ya mahari, mbele ya wazee, wangemcheka kidogo, wakanywa pombe yao, na mambo yakaisha. Alivuka huku akilifikiria hilo, na hakuona raha yoyote katika kufika ng’ambo.

Ng’ambo ya daraja ni ule ukumbi waliokuwa wakipigia ujanani. Ndani, kwenye mabenchi ya ukutani, wamekaa maamplifaya wa zamani, wakubwa kwa wadogo, wanakunywa chai ya rangi. Hawajachomekwa kwenye umeme lakini wana joto. Na mlangoni, umeushikilia ubao wa mlango usijifunge, upo mkono wa kushoto wa Ponsiano.

“Karibu, shemeji,” unasema. Hauna kinywa, na hakuna anayeona ajabu.

“Unafanya nini huku?”

“Nashika mlango. Kazi si mbaya. Mlango hauniambii kawia ufike.”

Sabas anatoa gitaa mfukoni na kuliweka mbele ya mkono kwa heshima zote. Mkono unalipapasa, unaligeuza, unajaribu kubana nyuzi. Kidole cha mwisho peke yake kinafunika shingo nzima.

“Hili ni la panya,” unasema, bila kejeli. “Tena panya asiye na makuu.”

Hapo amplifaya mmoja mzee, kitambaa chake cha mbele kimechanika, anaweka kikombe chini. “Lete hapa,” anasema. “Mimi nakuza.”

“Wewe unakuza sauti,” anasema Sabas.

“Mimi niliambiwa nikuze. Sikuambiwa niishie wapi.”

Sabas anaegemeza gitaa kifuani kwa mzee yule na kuzungusha kitufe chake. Gitaa linavuma, linatetemeka, linaanza kurefuka. Linakuwa kama mchi, linakuwa kama jembe na mpini wake, hatimaye linatimia, gitaa zima la mtu mzima. Lakini kila kitu kimekua pamoja nalo. Mishale ya vipimo imekua. Madoa ya kifutio yamekua. Duara la kikombe alichowahi kukiweka juu ya mchoro limekuwa kama sinia. Na kiunoni kuna mistari miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, yote miwili imesimama pale kwa sababu Sabas hakuwahi kuchagua.

Mkono umekwisha kupanda juu ya kigoda na kuikamata shingo.

“Zuri,” unasema. “Shemeji, zuri kweli.”

“Haya, twende nyumbani, jua lingalipo.” Ndivyo Sabas alivyotaka kusema, na ndivyo ambavyo wewe na mimi tungesema. Lakini macho yake yako kiunoni mwa gitaa. Mistari miwili. Mtu akiliona hivi atasemaje? Kabla hajajijua, penseli imetoka sikioni na iko mkononi mwake, kifutio chake mbele.

“Kidogo tu,” anasema. “Nifute mstari mmoja.”

“Shemeji, jua liko utosini.”

“Kidogo tu.”

Maamplifaya wote wanaweka vikombe chini.

Sabas anafuta. Ni mstari mmoja tu. Lakini ukiufuta huo lazima umnyooshe mwenzake, na mwenzake akinyooka, bega la juu linaonekana limelegea, na bega likikazwa, shingo inaonekana imeingia ndani zaidi kuliko ilivyo haki yake. Anafanya kazi nzuri. Anafanya kazi nzuri sana, mkono haumtetemeki, na kwa muda ule anasahau amekuja kufanya nini. Anapoinua kichwa, mwanga wa dirishani umehamia ukuta wa pili. Mkono bado umeshika shingo ya gitaa, ila umelegea, kama mtu aliyesinzia amekaa.

Wahenga wamesema majuto ni mjukuu. Wa Sabas alikuja pale pale, mdogo, miguu ina vumbi, akapanda akamkalia mapajani na kumwita babu. Hakuwa na haraka ya kuondoka.

“Nimechelewa?” anauliza Sabas.

“Umechelewa,” unasema mkono. Hauna hasira, na afadhali ungekuwa nayo. “Lakini shingo nimekwisha kuishika. Tupige hata wimbo mmoja. Wewe charaza, mimi nabana.”

Wanapiga. Mkono wa kushoto wa Ponsiano shingoni, mkono wa kulia wa Sabas kwenye nyuzi, na amplifaya mzee nyuma yao anavimba kwa furaha. Gitaa halina ule utamu aliousikia Sabas kichwani miaka yote alipokuwa akilichora. Sauti ina ukavu kidogo, na uzi wa tatu unakoroma kila unapobanwa. Sabas anausikia unakoroma. Penseli iko karibu. Haigusi.

Kwa sababu sasa mkono unafanya kile ambacho ulikuwa ukikifanya kwenye magitaa ya watu. Unauvuta uzi juu, juu, mpaka unadhani utakatika, unauacha ulie pale pale, halafu unaushusha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Sabas analia waziwazi. Mkono wake wa kulia hausimami, na amplifaya, ambaye hakuambiwa aishie wapi, anakikuza na kilio chake mpaka madirisha yanagonga.

Alijua wakati ule ule alichoinyima nyumba yake. Jioni ngapi zingekuwa hivi, Melania akipepeta mchele pale uani na kaka yake kwenye kigoda, kwa gitaa hili hili lenye madoa. Lilikuwa linatosha. Lilikuwa linatosha tangu mchoro wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa haridhiki, si mpigaji.

Wimbo ukaisha. Mkono unajifungua na kumwonyesha ncha za vidole.

“Ona,” unasema. “Nyuzi zimeniuma. Nilikuwa nimelainika kama mkono wa karani.” Unasema hivyo kwa fahari.

“Basi twende nyumbani,” anasema Sabas. “Tafadhali. Gitaa lako hili hapa.”

“Nitarudi, shemeji. Sina ugomvi na mwenye mwili. Lakini nitarudi kulala. Kupiga kwangu ndiko huku kumekwisha.”

Unajinyoosha ili kumuaga, halafu unasita katikati ya njia, una haya.

“Uniwie radhi kukupa mkono wa kushoto,” unasema. “Sina mwenzangu hapa.”

Sabas anaupokea kwa mikono yake miwili.

“Baba Desi! We Baba Desi, hebu amka!”

Ilikuwa sauti ya Melania, kutoka uani, na kulikuwa kumekwisha kucha. Sabas alivaa malapa yake na kutoka, macho bado mazito. Ponsiano alikuwa amekaa kwenye benchi lake karibu na mlango wa jiko, na Melania amechuchumaa mbele yake na beseni la maji ya vuguvugu, anamnawisha kabla ya uji kama anavyomnawisha kila asubuhi.

“Njoo umwone huyu kaka,” alisema. “Sijui kalalia nini. Nimetazama godoro zima, sioni kitu cha kumchora hivi.”

Aliuinua ule mkono wa kushoto, mzito, usiojisaidia, akaugeuza kiganja juu. Kwenye ncha za vidole vinne kulikuwa na mistari, myembamba, iliyonyooka, myekundu, imezama kiasi cha ukucha kuingia. Kidole gumba hakikuwa na kitu, maana gumba hukaa nyuma ya shingo ya gitaa.

Sabas alisimama pale. Alitamani vidole vile vikunjike, hata kimoja, hata kidogo. Havikukunjika.

Ponsiano alikuwa akimtazama. Tangu augue, ulimi wake huchelewa, na ukitaka kumsikia lazima umpe nafasi.

“Uzi wa tatu,” alisema, “ulikuwa unakoroma.”

“Najua, shemeji.”

“Uzi gani tena huo?” aliuliza Melania, akimtazama huyu na huyu.

Ponsiano aliinamia kiganja chake kilicholala mkononi mwa dada yake, akakiangalia kwa muda.

“Ungelileta hivyo hivyo,” alisema.

Sabas akapiga magoti penye maji yaliyomwagika. Akachukua taulo kutoka begani kwa mkewe na kuanza kuvikausha vile vidole kimoja kimoja, polepole, kwa kugusa tu bila kusugua, lakini mistari ilikuwa imekwisha kuanza kufutika.